Kwa Nini Hatuziachi Fedha za Simu?

Mwezi wa Machi 2009 kampuni ya MTN ilianzisha hapa Uganda huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa njia ya simu ya mkono. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule sasa ni kijana, na huenda karo yake ya sekondari imelipwa kwa njia hiyo hiyo. Kampuni nyingine zilifuata, na leo miavuli ya manjano na myekundu ya mawakala imetanda kila penye kituo cha basi, soko, hospitali na njia panda.

Tumezoea kuuliza ni watu wangapi walioingia katika huduma hii. Ni mara chache tunapouliza jambo jingine, ambalo kwa mama mwenye nyumba ni zito zaidi: kwa nini watu hawaiachi? Ada zipo, na kila mtu huzilalamikia. Matapeli wapo. Mtandao hupotea. Kodi nayo ilikuja. Hata hivyo, mwisho wa mwezi ukifika, foleni iko pale pale chini ya mwavuli. Yafaa tulichunguze jambo hili kwa utulivu, kwani nyumba isiyojua sababu ya matumizi yake haiwezi kuyapanga.

KUANZA NA KUENDELEA

Kila mama aliyepata kununua jiko la makaa la namna mpya analijua somo hili bila kufundishwa. Hulinunua kwa sababu jirani amelisifu kwamba linapunguza makaa. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza. Lakini ufikapo mwezi wa pili, jirani hana tena neno. Linalosema sasa ni debe la makaa: likidumu siku nyingi kuliko zamani, jiko hubaki jikoni, lisipodumu, jiko hutupwa nyuma ya nyumba, kuku wakatagia humo.

Mwaka 2001 mtaalamu mmoja nchini Marekani, Anol Bhattacherjee, alichapisha uchunguzi wake juu ya wateja wa benki walioendesha akaunti zao kwa njia ya kompyuta. Alionyesha kwamba kinachomfanya mtu aanze kutumia chombo si lazima kiwe ndicho kinachomfanya aendelee. Aliyekwisha kuanza hulinganisha alichokitarajia na alichokipata. Akiona matarajio yake yametimia, huridhika. Na akiona pia kwamba chombo kinamfaa katika shughuli zake, huendelea nacho. Kwa maneno ya jikoni, ni debe la makaa lililosema.

Fikira hiyo ni ya kweli, lakini haitutoshi. Mteja wa benki aliyechunguzwa pale alikuwa yeye na akaunti yake tu. Fedha za simu hazina mtu mmoja. Daima kuna wa pili: mama kijijini, mtoto bwenini, mwenye duka, fundi, mwanachama mwenzetu wa chama cha akiba. Mtu aweza kuliacha jiko lake bila kumwuliza yeyote. Je, aweza kuziacha fedha za simu peke yake?

FEDHA ZILIVYOSAFIRI ZAMANI

Ili tujue ni nini kilichotimizwa, yafaa tukumbuke ni nini kilichotarajiwa. Kabla ya mwaka 2009, mfanyakazi wa Kampala aliyetaka kuwapelekea wazazi wake fedha huko Arua au Kabale alikuwa na njia chache. Aliweza kusafiri mwenyewe na kutumia nauli ambayo pengine ilikaribia ile fedha yenyewe. Aliweza kumkabidhi jamaa aliyekuwa akienda upande ule, naye akafika baada ya wiki, au akafika na nusu. Aliweza pia kumpa utingo wa basi bahasha, kisha akapiga simu kijijini ili mtu akasimame kituoni kuingoja. Basi likiharibika njiani, mgonjwa aliyekuwa akingoja fedha za dawa alingoja pamoja na abiria.

Wananchi hawakukaa bure kungoja kampuni ziwabunie njia. Hapa Uganda palikuwa na ufundi ulioitwa kwa neno letu la fedha, yaani sente. Mtu wa mjini alinunua vocha ya muda wa maongezi, lakini hakuiingiza katika simu yake. Alimpigia mwenye kibanda cha simu kijijini na kumsomea zile namba. Mwenye kibanda aliingiza muda huo katika simu yake ya biashara, akakata ujira wake, kisha akampa mama mzazi fedha taslimu. Hivyo kabla haijakuwako huduma rasmi, kibanda kilikuwa kimekwisha kuwa benki, na mwenye kibanda alikuwa wakala.

Kwa jirani zetu wa Kenya hali ilifanana na hiyo. Mwaka 2005 kampuni ya Safaricom ilifanya majaribio ya chombo kilichokusudiwa kuwasaidia wakopaji kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu waliopewa chombo hicho walianza kukitumia kwa mambo mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye kampuni wakaona ishara hiyo, na mwezi wa Machi 2007 walipoifungua M-Pesa kwa umma, waliitangaza kama njia ya kutuma fedha nyumbani.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba haja ilitangulia chombo. Watu hawakufundishwa kutumiana fedha. Walikuwa wakitumiana tangu zamani, kwa taabu na hofu. Simu ilipokuja iliikuta safari ya fedha ipo tayari, ikaifupisha kutoka siku mbili hadi nukta chache.

FEDHA HUKAA WAPI?

Wazee wengi hudhani kwamba fedha zao zimo ndani ya simu, na simu ikitumbukia mtoni fedha nazo zimezama. Sivyo. Kilichomo katika simu ni ufunguo tu. Mteja anapompa wakala noti, wakala humhamishia kiasi hicho hicho kutoka katika akiba yake ya simu, ile ambayo mawakala huiita floti. Noti hubaki katika droo ya wakala. Na kwa ajili ya fedha zote zilizomo katika simu za wateja, kampuni hutakiwa kuweka fedha halisi za kiasi hicho hicho katika benki, katika akaunti ya amana iliyotengwa na mali ya kampuni yenyewe. Hapa nchini mambo haya yamewekewa sheria ya mifumo ya malipo ya mwaka 2020, chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Uganda.

Jambo hili linaeleza pia maudhi mawili tunayokutana nayo mara kwa mara. Wakala akikuambia kwamba hana floti, maana yake noti anazo lakini akiba yake ya simu imekwisha, hivyo hawezi kukuwekea. Akikuambia kwamba hana fedha, maana yake akiba ya simu anayo lakini droo ni tupu, hivyo hawezi kukutolea. Siku ya soko kijijini watu wote hutaka kutoa. Siku ya mishahara mjini watu wengi hutuma. Wakala hodari ni yule ajuaye mapema siku hizo na kujiandaa, na watu humrudia yeye hata kama kuna mwingine aliye karibu zaidi.

SABABU ZINAZOTUWEKA

Sababu ya kwanza ni uhakika. Fedha zikifika, mtumaji na mpokeaji wote wawili hupata ujumbe papo hapo, wenye jina, kiasi na saa. Utingo wa basi hakuwa na ujumbe wa namna hiyo. Mzazi aliyekuwa na shaka juu ya kijana wake wa mjini sasa hana shaka kama fedha zimetumwa au hazikutumwa, na kijana naye hawezi tena kusingizia kwamba bahasha imepotea njiani. Kila ujumbe mmoja unaofika salama ni kama debe la makaa lililodumu. Baada ya mara ishirini mtu haulizi tena.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni udugu. Wachunguzi wawili, Tavneet Suri na William Jack, walizifuatilia nyumba za Kenya kwa miaka kadhaa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 walionyesha kwamba nyumba ilipopatwa na pigo kama ugonjwa au kupoteza kazi, nyumba isiyotumia M-Pesa ilipunguza matumizi yake kwa asilimia 7 hivi, lakini nyumba iliyoitumia haikuonyesha kupungua huko. Mapato ya nyumba hizo yalikuwa yamepigwa vile vile. Tofauti ni kwamba jamaa walio mbali waliweza kuchangia upesi, kila mmoja kidogo chake. Mwaka 2016 wachunguzi hao hao walikadiria kwamba huduma hiyo ilikuwa imeziinua nyumba 194,000 nchini Kenya kutoka katika umaskini, yaani asilimia 2 ya nyumba zote.

Hayo ndiyo tunayoyaona hata kwetu. Msiba ukitokea, namba moja ya simu hutolewa katika ukoo, na kabla ya jua kutua rambirambi zimefika kutoka Gulu, Jinja, Nairobi na Juba. Mtu ambaye hana namba hakosi tu kupokea. Anakosa pia kuchangia, na asiyechangia huonekana kama amejitenga na watu wake. Kwa hiyo mtu aweza kuichukia ada kwa moyo wake wote, na bado asitoke, kwa kuwa kutoka kwake kungekuwa kutoka katika ukoo.

Sababu ya tatu inawahusu hasa akina mama. Fedha zilizofungwa katika upindo wa kanga au kufichwa katika chombo cha unga huonwa na kila aingiaye jikoni. Mtoto huziona, shemeji huziona, mgeni huziona, na ziombwapo ni vigumu kusema hazipo. Fedha zilizo chini ya namba ya siri hazionekani. Mama auzaye ndizi au nyanya ambaye kila jioni huweka kiasi kidogo katika simu yake, huweza kukusanya mtaji wa gunia jingine kabla fedha hazijayeyuka kwa maombi ya mchana. Suri na Jack walikadiria pia kwamba wanawake wapatao 185,000 wa Kenya waliacha kutegemea kilimo wakaingia katika biashara kwa msaada wa huduma hiyo.

Lakini faida hii ina sharti moja: simu iwe ya mama, laini iandikishwe kwa jina lake, na namba ya siri iwe yake. Ziko nyumba ambazo laini ni ya bwana, simu hukaa kwa bwana, na mama hupokea fedha za kuuza kuku wake mwenyewe kwa kuomba. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna kilichobadilika isipokuwa mahali pa kufichia. Bwana na bibi wakiaminiana, kila mmoja kuwa na laini yake hakuvunji nyumba. Bali hupunguza maneno.

SI KILA AKAAYE AMEPENDA

Tuseme ukweli pia. Wako watu wasiotoka kwa sababu mlango umekuwa mmoja. Shule nyingi humpa kila mwanafunzi namba yake ya malipo, na hazipendi tena kupokea noti mikononi. Umeme wa Yaka hununuliwa kwa simu. Ankara ya maji hulipwa kwa simu. Vibarua wa mashamba makubwa na wakulima wa kahawa aghalabu hulipwa kwa simu. Mtu wa namna hii ukimwuliza kwa nini anaendelea, atakujibu kwamba hakuwahi kuulizwa.

Utaratibu huo una wema wake. Mzazi haendi tena benki na kupoteza siku nzima. Karani hapati nafasi ya kuzila fedha za karo. Lakini aliyeufunga mlango wa noti yampasa akumbuke bibi mzee asiyejua kusoma, anayewalea wajukuu wake. Bibi huyo hulazimika kumpa mtu simu yake pamoja na namba ya siri, na akishampa, mali yake yote iko katika uaminifu wa mtu huyo. Ni vema ukoo ukubaliane mapema ni nani atakayemsaidia bibi, badala ya kumwachia amwombe yeyote apitaye njiani.

JARIBIO LA MWAKA 2018

Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kutumika hapa nchini kodi ya asilimia 1 juu ya miamala ya fedha za simu. Kodi hiyo iligusa kupokea, kulipa na kutoa. Wananchi waliona uzito wake mara moja. Thamani ya miamala ilishuka, malalamiko yakafika kila mahali, na Bunge likairudia sheria. Kabla ya mwaka ule kwisha kodi ilikuwa imepunguzwa hadi asilimia 0.5, nayo ikabaki juu ya kutoa fedha tu. Kwa kiwango hicho, mtu atoaye shilingi 100,000 alilipa kodi ya shilingi 500, mbali na ada ya kampuni.

Tanzania nayo ilipitia njia inayofanana. Mwezi wa Julai 2021 ilianzishwa tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 za nchi hiyo kwa kutuma au kutoa fedha, kwa kadiri ya kiasi chenyewe. Mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 baada ya kilio cha wananchi.

Katika nchi zote mbili watu walifanya jambo lile lile. Walipunguza kiasi, walibadili njia, wengine walirudi kwa utingo wa basi na bahasha. Lakini hawakuondoka moja kwa moja. Gharama ilipopungua, miamala ikaongezeka tena. Hapo tunaona kwamba ada ina nguvu ya kupunguza matumizi, lakini haina nguvu ya kuukata uzi uliowafunga watu. Hilo ni jambo la kumfurahisha mwenye huduma, na ni jambo la kumfanya mwenye kupanga ada na kodi awe na huruma. Kwa maana mteja asiyeweza kuondoka ni rahisi kutozwa kupita kiasi.

Kuna pia somo la mwaka 2016. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 18 Februari, huduma za fedha za simu zilisimamishwa nchini kwa sababu zilizoelezwa kuwa za usalama, zikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Nyumba iliyokuwa na akiba yake yote katika simu ilikuwa na fedha na wakati huo huo haikuwa nazo. Iliyokuwa na noti za kutosha kununua posho ya wiki haikutaabika. Kwa hiyo hata anayeipenda huduma hii kwa moyo wote, asiitegemee kama mguu mmoja wa kuku alalaye.

HESABU YA NYUMBANI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yafuatayo ni mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, hesabuni ada kwa mwezi mzima. Chukueni daftari la mtoto, mwandike kila muamala na makato yake. Ada hupangwa kwa madaraja, na kwa kawaida atoaye shilingi 50,000 mara moja hukatwa pungufu kuliko atoaye shilingi 10,000 mara tano. Mama anayekwenda kwa wakala kila siku kutoa fedha za mboga huenda, mwisho wa mwezi, ada zake zingetosha kununua sukari. Afadhali kutoa mara moja kwa wiki, akazigawa mwenyewe katika vibweta vyake.

Pili, mtumaji akumbuke ya kutolea. Ni desturi njema iliyozaliwa katika miaka hii kwamba anayemtumia mzazi shilingi 50,000 huongeza juu yake gharama ya kutoa, ili mzazi apate elfu hamsini kamili mkononi. Asiyeongeza huwa amempunguzia mzazi bila kusema. Kwa wanafunzi wa bweni vile vile: kiasi kilichokubaliwa na kiasi kinachofika mkononi viwe kimoja.

Tatu, msikimbilie mikopo ya simu. Nchini Kenya huduma ya M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukisikia mara moja ni kidogo. Lakini tuhesabu: anayekopa shilingi 10,000 na kurudia kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa 750 mara kumi na mbili, nazo ni 9,000. Amelipa karibu mkopo mwingine, na bado anadaiwa ule wa kwanza. Kwetu mikopo ya namna hiyo ilikuja mwaka 2016 kwa jina la MoKash, na mingine ikafuata. Mkopo wa simu waweza kumfaa mfanyabiashara ajuaye kwamba bidhaa yake itauzwa wiki hii. Kwa kununulia chakula cha leo, ni kula chakula cha kesho kwa bei kubwa.

Nne, jihadharini na matapeli. Hila yao kubwa ni haraka. Hupiga simu na kusema, "Nimekutumia fedha kwa makosa, tafadhali nirudishie," baada ya kuleta ujumbe wa uongo ulioandikwa kama ule wa kampuni. Usirudishe lolote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Ikiwa salio halikuongezeka, hakuna kilichotumwa. Ikiwa limeongezeka kweli, mwambie apeleke shauri kwa kampuni, nayo itarudisha kwa utaratibu wake. Namba ya siri haitajwi kwa mtu, hata akisema anapiga simu kutoka makao makuu. Na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, kwa kuwa kila mtu anaujua.

Tano, laini iandikishwe kwa jina la mwenyewe, na mtu mmoja wa kuaminika ajue kwamba akiba ipo. Mtu akifariki, kampuni hutaka hati za msiba na za urithi kabla ya kuziachilia fedha zake. Nyumba ambayo haikujua hata kwamba fedha zipo haitaziomba kamwe.

Sita, msivunje sanduku. Vyama vingi vya akiba vya akina mama vijijini bado hutunza fedha katika sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa wanawake watatu. Wapo wanaosema sanduku hilo ni la kizamani. Lakini sanduku halikati ada, halihitaji mtandao, na hufunguliwa mbele ya macho ya wote. Hatari yake ni wezi, hasa mwisho wa mzunguko linapojaa. Chama chenye busara chaweza kuweka fedha za mzunguko katika sanduku, na zilizozidi kuzipeleka katika simu au benki kwa makubaliano ya wote, kila shilingi ikiwa imeandikwa.

NENO LA MWISHO

Turudi basi kwenye swali letu. Hatuziachi fedha za simu kwa sababu, mara nyingi kuliko si mara nyingi, zimetimiza zilichoahidi: zimefika. Hatuziachi kwa sababu zimempa mama mahali pa kuweka chake. Hatuziachi kwa sababu shule na umeme vimetuelekeza huko. Lakini zaidi ya yote hatuziachi kwa sababu watu wetu wako upande wa pili, na hakuna anayependa kuwaacha watu wake.

Sababu hiyo ya mwisho ndiyo inayotudai tuwe waangalifu. Kampuni zinajua kwamba hatutaondoka. Wenye kupanga kodi wanajua. Matapeli nao wanajua kwamba tukisikia mama anaumwa tutatuma kwanza na kuuliza baadaye. Kwa kuwa hatuondoki, basi tukae kwa hesabu. Nyumba yenye daftari, yenye noti za wiki moja kabatini, na yenye desturi ya kuongeza ya kutolea, itapata faida ya huduma hii bila kuwa mtumwa wake. Jioni ya leo, akina mama na akina baba, ketini pamoja mfungue jumbe za mwezi uliopita, mjumlishe makato yote. Mkiisha kuiona jumla hiyo, mtajua wenyewe ni nini cha kupunguza.